Kisiwa Chini ya Godoro

Tok, tok, tok. Mara tatu, halafu kimya. Ni kidole cha katikati cha Tantine Denise kikigonga chuma cha kitanda, kidole chenye kile kikofia kidogo cha chuma ambacho washonaji huvaa ili sindano isiwachome. Yeye alikiita dé. Mlio ule ulikuwa na maana moja tu: Kahindo, njoo. Hakuweza kuniita kwa sauti kwa sababu, kwa maneno ya mama mkwe wake, kelele inavuta tumbo, na tumbo lile hakuna mtu aliyetaka livutwe. Nimesikia kengele za kanisa, nimesikia ngoma za harusi, lakini ukiniamsha usingizini leo na kuniuliza ni mlio gani ninaoujua kuliko yote, nitakujibu huo.

Niliusikia tena Jumamosi moja, si zamani. Nilikuwa nimepanda Butembo kutoka Beni kwa sababu binti wa Tantine alifaulu mtihani wa serikali, na nilipofika mtaani kwao Mususa nilimkuta uwanjani mweupe kama mtu aliyeanguka katika gunia la unga: wenzake walikuwa wamemmwagia poudre, ile poda ya kusherehekea, kichwani, masikioni, hata kwenye kope. Akanirukia shingoni. Kikwembe changu kipya, kitenge nilichokishona kwa ajili ya siku hiyo, kikawa cha muokaji mikate. Ndani watu walijaa, kila mmoja akipiga hadithi yake, na Tantine, ambaye sasa amenenepa na kuvaa miwani, alitaka tuombee chakula na hakuna aliyemsikia. Basi akatoa dé mfukoni na kugonga chupa ya sucré, soda ya kwetu. Tok, tok, tok. Mimi, mama mzima mwenye atelier yake ya kushona, nikasimama mara moja na kuanza kwenda.

"Ya Kahindo, unaenda wapi?" wakaniuliza, kwa heshima ya dada mkubwa, na chumba kizima kikacheka.

Nikakaa. Lakini nilikuwa nimekwisha kwenda. Nilikuwa tena na miaka kumi na tano, soksi mbili kila mguu kwa baridi, nimesimama mlangoni mwa chumba kile kile.

Kwa nini nilitumwa huko, sitaandika. Kila nyumba ina sababu zake. Niseme tu kwamba nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa sekondari, masomo yakasimama hapo, na Tantine, mdogo wa mama yangu, alihitaji miguu ya mtu mwingine. Yake daktari alikuwa ameifunga: alale mpaka mtoto atoke, asibebe hata sufuria. Mume wake, Tonton Kasereka, alikuwa mtu mpole wa maneno machache, akinunua viazi Luofu na kuvileta sokoni Butembo, hivyo wiki nzima alikuwa njiani. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Katika kile cha mbele mashini ya kushona ilikaa dirishani, imefunikwa shuka kama mgonjwa wa pili, na kwenye misumari ya ukuta zilining'inia nguo za wateja ambazo hazikuisha: blauzi bila mikono, koti bila kola, zikisubiri kwa uvumilivu kama watu mbele ya dispensaire. Nyumba ilinuka makaa ya pasi na kitambaa kipya. Asubuhi ukungu uliingia chini ya mlango bila kubisha. Mimi nilitoka Beni, kwenye joto, sikujua kwamba mtu anaweza kuona pumzi yake mwenyewe ndani ya nyumba. Siku ya kwanza niliogopa, nikafikiri ninaungua tumboni.

Ijumaa ndiyo siku niliyoingojea, kwa sababu Koko alikuja. Huyo alikuwa mama yake Tonton, mkulima wa Vuhovi, mwembamba kama mpini wa jembe, akipanda kilima na mzigo mgongoni na kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Alileta ndizi, sombe ya majani ya muhogo, mara nyingine kuku mmoja aliyekasirika. Alikuwa hajakaa, ameanza.

"Mama wa Beni! Bado unatetemeka?"

"Bado, Koko."

"Batu ya Beni muko sawa mangazi ya mawese. Bila jua hamuive."

Kisha alikaa jikoni na kupika, na sombe yake, yenye mawese ya kwetu Beni, ninaitafuta mdomoni mpaka leo. Tantine alikula akiwa amelala upande, sahani juu ya kifua, na Koko alihesabu kila tonge kwa macho.

Kitabu kilifika siku moja mikononi mwa Mama Furaha, jirani yetu, muuzaji wa nguo za mutumba. Aliingia akikipeperusha kama feni.

"Denise, ona kitu nilikuta mu balo ya nguo za batoto! Katikati ya bisuruali. Nani atauzia kitabu kwa mutu anatafuta kaptula? Kamata. Wewe njo uko na wakati ya kulala na kusoma sawa mungereza."

Kilikuwa kipana kama sinia, jalada la buluu, pembe moja imetafunwa na mtoto wa huko kilikotoka. Kilisimulia kwa mashairi utoto wa msichana mmoja kwenye kisiwa cha nchi ya joto. Kila ukurasa ulikuwa na mistari minne au mitano ya Kifaransa, na picha iliyochorwa kwa brashi, rangi bado mbichi kwa macho. Msichana alikuwa na ngozi kama yetu, nywele zilizosukwa kama zetu, gauni la njano. Bahari, mimi sikuwa nimeiona. Tantine pia hakuwa ameiona. Lakini alinipa kazi: nisome Kifaransa, halafu niseme kwa Kiswahili. Kifaransa changu kilichechemea, mashairi nayo hayamngoji mtu anayechechemea, hivyo pale nisipoelewa niliangalia picha na kujaza mwenyewe. Mstari wa kwanza ninaukumbuka jinsi nilivyousema: "Maji ndiyo uwanja wangu, na hakuna wa kuufagia." Tantine alifumba macho. "Rudilia," akasema. Nikarudilia mara tatu.

Koko alipoonyeshwa kitabu, jambo lililomkera ni minazi. Sisi sote tuliichukulia kuwa michikichi, ile ya mawese, ila ya huko imerefuka kupita kiasi na mangazi yake yamekuwa makubwa kama vichwa.

"Na hawa batu hawakate?" aliuliza Koko, kidole juu ya picha. "Ona ile imeanguka mu muchanga! Ingine iko ndani ya mayi! Mangazi ya vile, moja tu inatoa bidon ya mafuta. Ni bavivu. Ni bavivu ba kweli."

"Koko, labda leo ni siku ya mungu," nilimtetea msichana wangu.

"Ukurasa yote ni siku ya mungu?"

Tantine alishika tumbo kwa mikono miwili. "Koko, hapana unichekeshe, daktari alikataza!" Na machozi ya kicheko yalimtiririka mpaka kwenye mto. Ninaandika hivi nikitabasamu, kwa sababu hiyo ndiyo picha yake ninayoipenda kuliko zote.

Baada ya wiki mbili watoto wa jirani walijua. Wakitoka shule walikuja kukaa kwenye baraza, watano, sita, na mimi niliwasomea mlango ukiwa wazi ili Tantine naye asikie. Swali lao la kwanza lilikuwa lile lile ambalo mtoto yeyote wa kwetu angeuliza.

"Anaitwa nani?"

Kitabu hakikusema. Msichana aliitwa "mimi" mwanzo mpaka mwisho. Na sisi Wanande jina halitafutwi, linamngoja mtoto mlangoni: binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, mvulana wa kwanza ni Paluku, na mimi ni Kahindo kwa kuwa nilikuja baada ya wavulana wengi nikageuza mstari. Ukitaja jina lako, mtu anajua umeingia kwa mlango wa ngapi. Kitabuni hakukuwa na msichana mwingine. Sikufikiri hata kidogo.

"Anaitwa Masika," nikasema.

Basi ikawa Masika anakimbiza kaa, Masika analowa na mvua, Masika anakataa kwenda shule. Nilisoma kwa sauti kubwa, kwa furaha, nikibadilisha sauti. Nilipofika ukurasa ambao msichana amelala kwenye kitambaa kilichofungwa kati ya miti miwili, nikasoma polepole, "Masika analala, upepo unamutikisa, hapana mumuamushe," ndani ikasikika tok. Moja tu. Niliingia. Tantine alikuwa ameangalia ukuta.

"Funga mulango, Kahindo. Baridi."

Hakukuwa na baridi. Jua la saa tisa lilikuwa limefika mpaka miguuni mwa kitanda.

Siku zilizofuata hakula vizuri. Alisema viazi vina chumvi, kesho yake akasema havina. Hakuomba kitabu. Mimi, kichwa changu cha ndoto, nilifikiri labda hadithi imemchosha. Watoto nao hawakuchoka, walikuwa wameigeuza mchezo, mmoja akijificha na wengine wakizunguka nyumba wakiita, "Masika! Masika, kuya!" Ijumaa Koko alifika na kuwakuta katika mchezo huo. Hata hakutua mzigo. Aliwafukuza na mzigo mgongoni mpaka barabarani.

Alirudi akihema, akakaa jikoni, akachukua kisu na ndizi.

"Nani alibafundisha ile jina?"

"Ni mimi, Koko. Ni mutoto wa kitabu."

Akaweka kisu chini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitafuta maneno.

"Denise alizalaka mutoto mwanamuke. Inapita miaka mbili. Hakulia. Hakufungua hata macho." Alipangusa utomvu wa ndizi vidoleni, kidole kwa kidole. "Mu nyumba hii ile jina hapana muitaje."

Nilitaka ardhi inimeze pamoja na sufuria. Wiki nzima nilikuwa nimemwita mtoto yule mlangoni mwa mama yake, kwa sauti ya kuchekesha.

"Na huyu anakuya," niliuliza polepole, "kama ni mwanamuke?"

"Njo atakuwa Masika. Wa kwanza ni ule analia." Akachukua kisu tena. "Maneno ya ule mwingine tulimaliza."

Niliviringisha kitabu katika gazeti nikakisukuma chini ya godoro la Tantine, mahali ambapo hakuna mtu angekiona. Nikakunja magauni yangu mawili nikayatia katika mfuko wa safari, tayari kumwomba Tonton anitafutie gari la kurudi Beni. Kwa siku nne sikuweza kumtazama Tantine usoni. Nilimwogesha nikiangalia maji, nilimlisha nikiangalia kijiko. Siku ya tano, mchana, nikiwa nafua nyuma ya nyumba, nikasikia: tok, tok, tok.

"Kitabu iko wapi?"

"Iko chini ya godoro, Tantine. Ya kwako."

"Donc siku zote hizi ninalalia kisiwa?"

Nikamtazama. Alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha puani. "Njo sababu mugongo inaniuma. Toa."

Aliomba ukurasa wa kamba. Ni picha ambayo mimi nilikuwa nikiipita haraka, maana hakuna kinachotendeka humo: ua wa mchanga, kamba ya kuanikia nguo, upepo. Mashairi yake yalisema tu kwamba siku za kufua nyumba nzima inaruka. Kwenye kamba kulikuwa na suruali ya baba, kitambaa cha bibi, gauni la njano, na mwishoni kabisa, karibu na nguzo, kigauni cheupe kisichozidi kiganja changu.

"Hii ni ya nani?" Tantine aliuliza.

"Ya msichana. Ya zamani yake."

"Hapana. Angalia na macho ya kushona, si ya kusoma." Kidole chenye dé kilitua kwenye picha. "Mabega ni ingine, mukato ni ingine. Na haikuvaliwa hata siku moja. Nguo yenye ilivaliwa inavutika hapa, mu kwapa. Hii iko sawa siku ilitoka mu mukono ya mutu. Sasa unitafutie mutoto wake."

Nilipitia kurasa zote, kutoka jalada hadi jalada, nikapitia tena nikianzia nyuma. Kulikuwa na kaa, mbwa, bibi, mwalimu, jua. Mtoto wa kigauni kile hakuwepo.

"Haiko, Tantine."

"Haiko," akakubali. "Basi huyu wa njano haiko Masika, ulikosea. Huyu ni Kavira. Masika yake alienda mbele. Mais ona mama yake: siku ya kufua, anafua nguo ya Masika pamoja na za bengine. Haifiche."

Alilia kidogo, mimi nikalia zaidi, mpaka yeye ndiye akanibembeleza, jambo ambalo si haki. Sasa, ukiniuliza mimi mtu mzima, nitakubali kwamba labda mchoraji alihitaji tu rangi nyeupe kati ya buluu na njano. Nimewaza hivyo mara nyingi nikipanga vitambaa katika atelier yangu. Hainisumbui. Kitabu kilisafiri ndani ya balo la nguo mpaka kwenye kitanda cha mshonaji, na mshonaji alikisoma kwa elimu yake.

Kesho yake niliwaambia watoto kwamba nilikuwa sikuhesabu vizuri, msichana anaitwa Kavira.

"Na Masika iko wapi?" mmoja akauliza.

"Iko mbele yake."

Wakaitikia kwa kichwa, wameridhika, na tukaendelea na kaa. Nilitoa magauni yangu mfukoni nikayarudisha kwenye msumari.

Koko hakuambiwa lolote. Lakini tumbo lilipokaribia alihamia kwetu, akilala kwenye mkeka karibu na kitanda, na kila jioni kabla ya chakula alisikia kitabu apende asipende. Nilipotamka Kavira mara ya kwanza mbele yake, shingo yake ilikakamaa, akaendelea kuchambua maharagi. Siku nyingine nilimkuta peke yake na kitabu magotini. Hakujua kusoma. Alikuwa amefungua ukurasa wa kamba, na kwa kidole gumba alikuwa anapangusa kigauni cheupe, taratibu, kama mtu anayeondoa vumbi. Nilirudi nyuma bila kukohoa.

Mtoto alikuja asubuhi moja ya ukungu. Mama Furaha alitafuta gari, mimi nilibeba beseni na bikwembe, na kwenye maternité, wodi ya wazazi, walitufungia mlango, Koko na mimi, kwenye benchi ya ukumbi. Koko alishika rozari bila kuisali. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu, nikifika kumi na saba nakosea naanza tena. Kisha tukasikia. Si kilio cha kuomba ruhusa. Kilikuwa kilio cha mtu aliyeibiwa.

"Unasikia?" Koko alinishika mkono mpaka mifupa ikaumana. "Unasikia? Analia sawa muuzaji ya samaki!"

Tonton alifika na udongo wa Luofu kwenye viatu. Tuliingia sote. Tantine alikuwa amelala mgongo, rangi imemtoka, mtoto kifuani, na amini usiamini, dé kidoleni. Alikataa kuivua, muuguzi alituambia. Muuguzi mwenyewe alikuwa mama wa kwetu, anajua mambo. Alishika kalamu na karatasi ya kuzaliwa.

"Binti. Jina?"

Tonton alimtazama mama yake, kwa kuwa jina la mtoto lilikuwa la ukoo wao. Tantine aliangalia dari. Niliona midomo yake inajaribu, haina nguvu. Kidole kilinyanyuka kikagonga chuma cha kitanda, mara moja, dhaifu, hata mara mbili hakikufika.

"Andika Kavira," akasema Koko.

Muuguzi akaangalia fiche ya Tantine, kadi yake ya kliniki. "Kavira? Mais hapa inasema haina mutoto mwingine. Masika iko wapi?"

"Iko Vuhovi, mu shamba yangu ya ndizi." Koko alinyoosha mikono yake miwili mbele, ile mikavu yenye nyufa za udongo. "Mimi njo nilimulaza pale, na hii mikono. Ninajua hesabu ya nyumba yangu. Andika."

Muuguzi akaandika. Tonton akageukia dirisha, mabega yakitikisika. Na Koko, ili mtu asimwone, akaanza kumgombeza mtoto kwa kelele zake.

Watu huniuliza nani alinifundisha kushona, nami hujibu Tantine Denise, na ni kweli. Mwaka uliofuata alinikalisha kwenye mashini na kunigonga kichwa kwa dé kila nilipopinda mshono. Koko amekwisha lala, naye yuko kwenye ndizi zake, karibu na yule aliyemlaza. Kitabu kiko Mususa, jalada limetoka, na Jumamosi ile ya poudre, Kavira aliniwekea vidole vyake vyeupe juu ya ukurasa wa kaa na kusema, "Ya Kahindo, nisomee vile ulikuwa unasomaka, si vile iko imeandikwa." Ninawashukuru wote. Ninamshukuru hata mtoto wa mbali aliyetafuna ile pembe na kukiacha kitabu kiende.

Lakini kuna jambo la mwaka ule ambalo sikumwambia mtu. Siku waliporudi nyumbani kutoka maternité, mchana, Tantine alilala na mtoto ubavuni, Koko alikwenda kisimani, Tonton sokoni. Dé ilikuwa imeachwa dirishani. Niliivaa, ikawa kubwa, nikaijaza kipande cha uzi. Kwenye kapu la mabaki nilipata kitambaa cheupe, kilichobaki kwenye bitana ya koti la mtu. Mashini ingewaamsha, basi nilishona kwa mkono, nimekaa kwenye kizingiti. Ilikuwa nguo yangu ya kwanza, kigauni kisichozidi kiganja. Mkono mmoja ulitoka mpana kuliko mwingine, na shingo ilipinda. Nikailowesha katika beseni, nikaikamua, nikatoka nyuma ya nyumba ambako nepi za Kavira zilikuwa zimejaa kamba nzima. Nikazisogeza kidogo, nikapata nafasi mwishoni, karibu na nguzo, na kuianika.